Hatua Arobaini Kutoka Kisimani

Rhona Imrie aliiogopa ardhi. Wako wanaoogopa radi, wako wanaoogopa mbwa, na wako wanaoogopa wafu. Yeye aliogopa kile tunachokikanyaga sote bila kufikiri. Alipopita barabara kuu ya Drumfarran, mji mdogo wa makaa ya mawe upande wa mashariki wa Uskoti, hakukanyaga kifuniko cha mtaro hata siku moja. Alikizunguka. Watu walikwisha kumzoea. "Rhona anacheza densi yake," walisema, wakampisha.

Hofu hiyo ilikuwa na siku yake ya kuzaliwa. Alikuwa na miaka saba, amekaa dirishani akisubiri uji upoe, alipoiona bustani ya kabichi ya jirani inashuka. Haikuporomoka kwa kishindo. Ilishuka taratibu, kabichi zimesimama wima kwenye mistari yake, kama meza inayoteremshwa ngazi na watu waangalifu. Chini kabisa, mbali mno kwa mtoto kupawaza, dari ya mgodi ilikuwa imeanguka, na baba yake alikuwa upande usio na njia. Walimtoa siku ya nne. Mama yake hakumruhusu kumtazama.

Aliacha shule akiwa na miaka kumi na mitano, akapika chakula cha wanafunzi kwa miaka thelathini na mmoja, akamzika mumewe, akastaafu. Nyumba ikawa kimya hata akawa anaisalimu birika. Ndipo binti yake Aileen alipomwambia, "Mama, nenda pale hifadhi ya nyaraka. Wanatafuta watu wa kujitolea. Utakaa na watu, utakunywa chai."

"Mimi? Na elimu yangu ya kumenya viazi?"

"Wanataka macho na subira, Mama. Hawajasema wanataka shahada."

Hifadhi ilikuwa ghorofa ya pili ya jengo lililokuwa benki zamani. Rhona alipapenda kwanza kwa sababu hiyo tu, kwamba palikuwa juu. Mtunza nyaraka, Bwana Pirie, mtu mrefu mwenye sauti ya chini kama anayeongea kanisani, alimwekea kitabu cha zamani juu ya mto mdogo, akamwonyesha kompyuta, akampa sheria moja. "Andika unachokiona, Bi Imrie. Usiandike unachokitarajia. Ukimaliza ukurasa, unatoa majina ya watu, ya mahali na ya vitu, unayaingiza kwenye faharasa. Kitabu kisicho na faharasa ni kisima kisicho na kamba."

Ikawa hivyo kila Jumanne na Alhamisi. Meza ya pili alikaa Wattie Tervit, mchimba makaa mstaafu wa miaka sabini na tisa, mwenye vidole vilivyopinda na madoa ya buluu ya vumbi la makaa yaliyobaki chini ya ngozi tangu ujana. Yeye alinakili daftari la makaburi, na alikuwa na neno la utani kwa kila marehemu. "Huyu alikufa kwa kuhara, maskini. Na jirani yake pia. Nadhani walikuwa na mpishi mmoja. Hukuwa wewe, Rhona?"

"Ningekuwa mimi, nawe ungekuwa kwenye daftari hilo, Wattie."

Mwaka wa kwanza Rhona alikosea. Alisoma kaburi namba 16 akaandika 76. Familia moja ikasafiri kutoka Kanada, ikaweka maua na kulia kwenye kaburi la mtu mwingine kabisa, ikarudi kwao imeridhika. Kosa likagunduliwa baadaye. Bwana Pirie hakumgombeza. Alisema tu kwamba mambo hutokea. Lakini Rhona alilala kitandani siku tatu, na tangu hapo hakuandika tarakimu yoyote bila kuitazama mara nne.

Kwa hiyo, alipoukuta ule ukurasa wa mwezi wa Februari 1843, aliutazama mara kumi.

Kilikuwa kitabu cha siku cha Robert Dowie, msimamizi wa machimbo ya mwenye ardhi wa wakati huo. Dowie aliandika kwa haraka, herufi zake zimelala kama majani baada ya upepo, lakini Rhona alikuwa ameishi naye miezi minane na alimjua kuliko alivyowajua baadhi ya shemeji zake. Aliandika hivi: *Shimo kuukuu la Kirklands, hatua 40 mashariki ya kisima, limefunikwa leo kwa mbao na udongo futi tatu. Halikujazwa, farasi wakihitajika kulima. Kina pima 38. Mungu atunusuru hadi tupate nafasi.*

Rhona aliondoa mikono yake kwenye kitabu kana kwamba kilikuwa sufuria ya moto.

Kirklands lilikuwa shamba wakati wa Dowie. Siku hizi Kirklands ni shule ya chekechea, na mjukuu wake Effie, mwenye miaka minne, alikuwa huko saa hiyohiyo, amevaa buti zake nyekundu.

"Wattie," aliita. Sauti ilitoka nyembamba. "Mbao zikifunikwa na udongo, zinakaa miaka mingapi?"

"Mbao gani, na udongo gani?"

"Udongo wa mfinyanzi. Wa hapa."

Wattie alivua miwani. "Udongo wetu unalinda mbao vizuri, kwa sababu ni wa maji. Unazilinda, unazilinda, halafu siku moja umechoka kuzilinda. Kwani kuna nini?"

Akamsomea. Wattie hakufanya utani. Hilo ndilo lililomtisha zaidi.

Alikipitia kitabu mpaka ukurasa wa mwisho siku hiyo, bila kunakili, akitafuta mstari mmoja tu unaosema kwamba shimo limejazwa. Hakuuona. Farasi walilima, farasi walivuna, farasi mmoja akafa, nafasi haikupatikana. Bwana Pirie naye alisoma, akakuna kidevu, akafungua ramani ya mwaka 1855. Kisima cha Kirklands kilikuwapo, kiduara kidogo nyuma ya zizi. Akapima kwa rula. Hatua arobaini mashariki ziliangukia katikati ya kiwanja cha michezo cha chekechea.

"Una uhakika na tarakimu? Isije ikawa tisini?" aliuliza kwa upole.

Upole huo ulimchoma. Alijua anafikiria Kanada. Usiku huo na kesho yake alikusanya kila 4 na kila 9 ambayo Dowie aliwahi kuandika, mia na sitini kwa jumla, akazipanga. Ilikuwa 4. Bwana Pirie akaandika barua kwa halmashauri. Baada ya siku kumi na mbili jibu likaja: ramani zao hazionyeshi shimo lolote mahali hapo, wanashukuru kwa taarifa, na suala litaangaliwa mwezi wa Aprili.

Ilikuwa wiki ya pili ya Januari.

Rhona akaanza kwenda Kirklands kila asubuhi. Hakuwa na la kufanya huko ila kutazama. Alisimama nje ya geti, pale pa changarawe ambapo wazazi huegesha magari na kusubiri na vigari vya watoto, akatazama kiwanja kupitia uzio. Aliwahesabu watoto wakitoka kucheza, akawahesabu tena wakiingia. Kila walipokimbilia upande wa kijumba cha mbao alihisi mgongo unapigwa na maji baridi. Mkuu wa chekechea, Bi Gourlay, mwanamke mnadhifu aliyevaa funguo shingoni, alimfuata mara mbili.

"Bi Imrie, karibu ndani unywe chai, au rudi nyumbani. Wazazi wananiuliza wewe ni nani."

"Mimi ni bibi yake Effie."

"Najua. Ndiyo maana nakusihi, sijapiga simu mahali."

Aileen alikuja jioni na mchuzi wa nyama ya kusaga na viazi, dalili kwamba alikuwa na jambo. Alimwacha mama yake ale nusu ya sahani kwanza.

"Mama, nakupenda. Lakini unajua ulivyo. Tangu Babu. Tulipokwenda ufukweni nikiwa mdogo ulikataa kukanyaga mchanga wenye maji."

"Hiki hakitoki kichwani mwangu. Kimeandikwa."

"Na lile kaburi la Wakanada lilikuwa limeandikwa pia."

Rhona aliweka uma chini. Aileen alijuta hapohapo, uso ukamwiva, lakini neno likitoka halina mkia wa kulikamatia. Walimaliza kula wakisikiliza saa ya ukutani.

Ijumaa ile theluji ikaanguka. Asubuhi mji mzima ulikuwa mweupe, na Rhona alipofika getini aliona kitu kilichomnyang'anya pumzi. Kiwanja chote kilikuwa kimefunikwa, isipokuwa duara moja kando ya kijumba cha mbao. Duara jeusi, la unyevu, pana kama meza ya watu wanane, limeyeyuka lenyewe. Wattie alikuwa amewahi kumwambia: shimo la zamani hutoa pumzi ya joto kutoka chini, na theluji haikai juu yake.

Akasikia kengele ya mapumziko. Akaona mlango wa watoto unafunguliwa.

Baadaye alishindwa kueleza aliupitaje uzio. Watu walisema aliruka. Yeye alikumbuka tu kwamba goti lilichubuka. Alifika mlangoni kabla ya mtoto wa kwanza kutoka, akatanua mikono akashika miimo yote miwili.

"Hatoki mtu!"

"Bi Imrie!" Bi Gourlay alikuwa amepauka. "Unawatisha watoto."

"Na watishike. Hatoki hata mmoja. Niiteni mwendawazimu, niitieni polisi, lakini hapa mtanipita nikiwa chini."

Watoto ishirini na wawili walimtazama, makoti yamefungwa mpaka kidevuni. Effie alikuwa wa tatu. Alikuwa haelewi, na midomo yake ilianza kutetemeka kwa aibu ya mtoto anayeona wenzake wanamtazama bibi yake.

Bi Gourlay hakuita polisi. Alimwita Aileen, na akaipigia halmashauri kwa sauti ambayo halmashauri huisikia. Jumatatu likaja gari lenye mtambo wa kutoboa na fundi mmoja kijana, Ritchie, mwenye adabu na haraka. Walitoboa matundu matatu kiwanjani. La kwanza: udongo mgumu, kisha mwamba. La pili: udongo, mwamba. La tatu, katikati kabisa ya duara lililoyeyuka, likakuta kwanza bomba la maji ya moto linalopasha jengo joto, bomba likapasuka, halafu udongo, halafu mwamba.

"Ndilo lililoyeyusha theluji yako, mama," Ritchie alisema, akifuta mikono. "Bomba. Ardhi hii unaweza kuijengea kanisa."

Wazazi waliokuwa uzioni walicheka, si kwa ubaya, walicheka kwa kupumua. Chekechea ilifungwa siku mbili bila joto kwa sababu ya lile bomba, na hapo kicheko kikapata meno. Dukani mtu alimwambia, "Rhona, angalia hapo penye mkate, usije ukatumbukia." Kwenye mtandao wa mji wakamwita Bibi Mashimo. Aileen alianza kumpeleka Effie mwenyewe kabla ya kazi, na kumchukua mwenyewe baada ya kazi, mama yake asipate sababu ya kufika getini.

Ungedhani Rhona angepata nafuu. Wametoboa, pamekutwa mwamba, basi. Lakini hofu yake haikuondoka, ilipoteza tu mahali pa kukaa. Zamani ilikuwa kiwanjani. Sasa ilikuwa kila mahali. Maana Dowie alikuwa mtu wa haraka lakini hakuwa mwongo. Shimo la pima thelathini na nane, kina cha kutosha kumeza mnara wa kanisa, haliendi kwingine. Kama haliko pale, liko wapi? Alilala akiwaza, akaamka akiwaza, akapungua mpaka sketi ikawa inamzunguka kiunoni.

Alimwendea Bwana Pirie kumwambia anaacha kazi.

"Sitakuzuia," alisema Bwana Pirie. "Lakini zimebaki kurasa tisini tu za Dowie. Hakuna mwingine anayeweza kumsoma. Mimi mwenyewe nabahatisha."

Basi akarudi mezani kwake, zaidi kwa kukosa pa kwenda. Alinakili masika ya 1843, kiangazi, mavuno. Alinakili majira ya baridi. Wattie alimletea chai na biskuti za shayiri bila kumtania, na akawa kila mara anamtazama juu ya miwani kama mtu anayemtazama mgonjwa.

Ijumaa moja ya Februari, siku isiyokuwa yake, alikuja kumaliza mwezi wa Mei 1844. Mstari ulikuwa mfupi, kati ya habari za kamba na mishumaa: *Kisima kipya cha Kirklands kimemalizika, nyuma ya zizi. Kile cha zamani, kwenye kona ya njia ya kanisa, kimezibwa kwa mawe, maji yake yakinuka makaa.*

Alinakili bila kufikiri; mikono ilikwisha kujua kazi. Kisha akatoa maneno ya faharasa. Akaandika *Kirklands, kisima kipya*, mwaka, ukurasa, akabonyeza. Kompyuta ikapanga maingizo kama kawaida yake, la zamani juu, jipya chini:

*Kirklands, kisima: 1843, shimo hatua 40 mashariki.*
*Kirklands, kisima kipya: 1844, cha zamani kuzibwa.*

Rhona aliyatazama maingizo mawili hayo yaliyokaa pamoja. Hakuhisi furaha ya aliyegundua. Aliiona tena ile bustani ya kabichi, inashuka polepole, imesimama wima.

Ramani ilikuwa ya 1855. Kisima kilichochorwa kilikuwa kile kipya. Lakini Dowie alipoandika mwaka 1843, kisima kipya kilikuwa hakijachimbwa. Kisima alichokijua yeye kilikuwa kwenye kona ya njia ya kanisa. Walipimia mahali pasipo.

Na hatua arobaini mashariki ya kona ya njia ya kanisa palikuwa ni geti. Pale pa changarawe. Pale wanapoegesha magari na kusubiri na vigari vya watoto. Pale aliposimama yeye asubuhi kumi na mbili mfululizo, akiomba Mungu, akitazama upande mwingine.

Bwana Pirie alisoma maingizo yote mawili, akavuta karatasi ya barua. "Nitawaandikia sasa hivi," alisema. "Lakini ni Ijumaa saa kumi. Na baada ya lile bomba… Bi Imrie, sidhani watatuma mtu kabla ya wiki."

"Jumatatu watoto wanaingia."

"Najua."

Alimpigia Aileen, simu haikupokelewa. Akampigia Bi Gourlay. Bi Gourlay alisikiliza mpaka mwisho, akavuta pumzi. "Bi Imrie, nilifunga shule siku mbili kwa ajili yako. Niletee karatasi ya halmashauri, nitafunga mwezi. Bila karatasi, siwezi tena."

Jumamosi asubuhi Wattie Tervit alimngoja kwenye kona ya njia ya kanisa na fimbo ya chuma ndefu kuliko yeye, yenye ncha na mpini wa msalaba. Wachimbaji wa zamani walipiga ardhi kwa fimbo kama hiyo, kusikiliza kama chini ni patupu. Alikuwa amevaa kofia yake ya kazi, ile aliyostaafu nayo.

"Dowie alikuwa mrefu?" aliuliza.

"Nitajuaje?"

"Umeishi naye mwaka mzima, mwanamke."

"Mrefu. Analalamika juu ya dari kila mara."

"Basi hatua zangu zitatosha." Akaanza kuhesabu kwa sauti, Rhona nyuma yake. Hakukuwa na mtu. Theluji ilikuwa imekwisha, changarawe ilikuwa imelowa. Thelathini na moja, thelathini na mbili. Geti lilikuwa mbele yao, limefungwa kwa mnyororo. Thelathini na tisa. Arobaini.

Wattie alichoma fimbo. Ikaingia kiganja kimoja, ikakwama. Akasogea pembeni, akachoma tena. Changarawe, udongo. Mara ya tatu, ya nne, ya tano. Rhona alikuwa ameanza kuona aibu tena, aibu iliyochanganyika na matumaini, maana angependa kuwa mjinga kuliko kuwa sahihi. Mara ya sita fimbo ikashuka mpaka kiunoni mwa Wattie, ikagonga kitu. Haikulia kama jiwe. Ililia *ndu*, kama mlango wa nyumba tupu.

Wattie hakuinua kichwa. Aliigeuza fimbo kidogo, akaisukuma kwa uzito wa mwili. Ikapita. Ikashuka yote kwa mkupuo, mpini ukagonga changarawe, na kutoka kwenye kitundu kile kidogo ikatoka harufu ambayo Rhona hakuwa ameinusa tangu koti la baba yake lilipoondolewa msumarini.

"Rhona," alisema Wattie, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayeomba chumvi. "Umesimama wapi?"

"Hapa. Nyuma yako."

"Usikimbie. Usiruke. Rudi ulikotoka, nyayo zilezile, taratibu."

Hakuweza. Miguu ilikuwa imekufa. Aliitazama ikiwa imepandwa kwenye changarawe kama ya mtu mwingine, na chini yake alikiona, kwa macho ya ndani, kile kina chote, maji meusi kule chini, na ubao mmoja uliooza kati yake na hayo. Miaka hamsini na minane alikuwa ameizunguka siku hii, na sasa alikuwa amesimama katikati yake.

"Siwezi, Wattie."

"Unaweza. Niambie, leo utapika nini?"

"Nini?"

"Chakula. Jumamosi unapika nini?"

"Supu," alisema. Meno yalikuwa yanagongana. "Ya shayiri."

"Unaanza na nini?"

"Mfupa. Nauchemsha mfupa."

"Mguu wa kushoto nyuma. Halafu?"

"Shayiri. Naiosha."

"Wa kulia. Halafu?"

"Karoti." Hatua. "Liki." Hatua. "Kabichi…" Hapo akasimama, machozi yakimtoka bila sauti.

"Achana na kabichi," alisema Wattie. "Mimi siipendi. Tia viazi."

Akatia viazi, akatia chumvi, akatia pilipili manga, akarudi hatua kumi na tisa mpaka kwenye lami ya barabara. Wattie alimfuata, akivuta miguu kama anayetembea juu ya barafu. Kisha mzee yule akakaa chini barabarani, kofia kichwani, na Rhona ndiye aliyepiga simu.

Safari hii hawakusubiri Aprili. Polisi waliweka utepe, magari yakaja siku hiyohiyo, na Ritchie akarudi Jumapili na mtambo wake. Tundu la kwanza lilipita futi tatu za udongo, vidole viwili vya mbao laini kama keki, halafu halikugusa kitu. Walipoteremsha kipimo, kamba iliendelea kushuka mpaka Ritchie akavua kofia. Mainjinia waliokuja baadaye walisema ubao ulikuwa umebakiwa na nguvu ya kubeba watu tu, pengine hata gari dogo. Lori la takataka lilipita hatua chache tu kutoka hapo kila Jumatano, na dereva wake ndiye pekee aliyekuja kubisha mlangoni kwa Rhona. Hakuingia. Alisema jina lake, akasema ana watoto wawili, akaondoka.

Chekechea ilifungwa mpaka kiangazi, shimo likajazwa. Halmashauri ikatuma barua ya shukrani kwa "Bwana R. Imrie". Mtandaoni watu waliokuwa wakiandika Bibi Mashimo walinyamaza, mmoja mmoja, kama taa za mtaa alfajiri. Bi Gourlay alimletea Rhona picha iliyochorwa na watoto, akasimama jikoni akishika funguo zake. "Ningekuwa na ujasiri wa kukusikiliza mara ya pili…" alianza, akashindwa kumaliza. Rhona akamkaribisha skonzi. Hakuwa na hasira naye. Kama angeletewa hadithi ile na mtu aliyekwisha kukosea mara mbili, huenda hata yeye asingeamini.

Lakini asidhani mtu kwamba kuwa sahihi kulimponya. Hofu ilizidi. Zamani aliweza kujiambia ni woga wa utotoni, sasa hakuweza. Alikwenda kwa daktari, akapewa vidonge, akavinywa wiki moja, akaviacha kwa sababu vilimfanya asome vibaya.

Vuli hiyo halmashauri iliomba vitabu vyote vya machimbo vipitiwe, vya mashamba yote, na kila shimo liingizwe kwenye faharasa pamoja na kila kisima, kila mti na kila kona iliyotajwa. Watu kumi na mmoja walijiandikisha. Mmoja wao alikuja Alhamisi asubuhi, akatundika koti, akavuta kiti karibu na meza ya Rhona. Alikuwa Aileen.

"Umeacha kazi?" Rhona aliuliza kwa mshtuko.

"Nimeomba Alhamisi." Aileen alikuwa anakitazama kitabu, si mama yake. "Lile neno la Wakanada, Mama. Sikulala siku nyingi."

"Lilikuwa kweli."

"Lilikuwa kweli, na halikuwa la kusemwa."

Rhona akamsogezea mto na kitabu. Aileen alisoma mstari wa kwanza kwa shida, akamgeuza mchungaji kuwa kondoo, na Wattie akacheka mpaka akakohoa. Mstari wa pili ulikwenda vizuri zaidi. Kufikia saa tano walikuwa wamemaliza ukurasa na kufungua mwingine, na juu yake, kwa mwandiko wa mtu mpya wasiyemzoea bado, palikuwa na neno shimo, na jina la shamba ambalo Rhona alilifahamu vizuri. Siku hizi pale pana soko la Jumamosi.

Rhona akaweka kidole chini ya mstari.

"Soma tarakimu," alisema Rhona. "Polepole."